Mkwe Aliyepika Mbegu

Uamuzi wa kuhama Kinshasa niliufanya mimi, na sioni haya kusema hivyo. Mume wangu hadi leo huwaambia watu kwamba "tuliamua", lakini siku ile alikuwa ameinamia cherehani yake akipunguza suruali ya mteja, na alichosema ni "mm" tu. Nimeishi na "mm" ya mume wangu miaka mingi. Kuna inayomaanisha ndiyo, na kuna inayomaanisha niache kwanza nimalize mshono. Ile ilikuwa ya pili. Mimi nikaichukua kuwa ya kwanza, nikaenda kuwaambia watoto.

Nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha darasa la tatu katika shule moja ya Goma. Goma si Masisi, nilikozaliwa, lakini mtu akiondoka Goma asubuhi anaweza kulala kwa mama yangu siku hiyohiyo, kama njia haijaharibika. Mama yangu ni mkulima wa maharagwe na mihogo, juu ya kilima kimoja upande wa Kibabi, na tangu niende Kinshasa kusoma nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye mazishi ya baba. Nilikaa siku nne. Wakati wa kuagana alinishika mikono miwili, nikamwambia, "Nitarudi, Mama. Mwaka kesho." Mwaka kesho ulipofika nikamwambia tena vilevile kwa simu, na uliofuata pia. Miaka mitano ikapita hivyo, kila mmoja na sababu yake nzuri.

Mume wangu ni mtoto wa Kinshasa wa kuzaliwa. Kiswahili alijifunza kwangu, na kwa kuwa mimi hukitumia zaidi nikiwa na hasira, kwa muda mrefu alidhani ni lugha ya kugombana. Rafiki zake walipopata habari walikuja mmoja mmoja kumpa pole. Mmoja alimwambia kule mashariki watu hulala na makoti. Mwingine alimuuliza kama amesahau kwamba yeye ni mtu wa mjini, naye akajibu kwamba Goma pia ni mji, ila wameujenga juu ya mawe. Nilimsikia kupitia dirishani nikafurahi, maana maneno yale yalikuwa yangu, niliyomwambia usiku uliotangulia.

Kuhamisha nyumba nzima kwa ndege ni jambo la kumfanya mtu aone aibu ya vitu vyake. Kila kitu kinapimwa. Magodoro tuliwaachia majirani, na vyombo vya udongo na kabati vilienda kwa dada yake mume wangu, ambaye alilia sana huku akilipima kabati kwa macho. Mimi nilipanda ndege nimejifunga vikwembe vitatu vya kitenge, kimoja juu ya kingine, na koti juu yake, katika joto la Kinshasa. Mume wangu alikataa kabisa kuacha kichwa cha cherehani. Meza na miguu yake aliiuza, lakini kichwa alikifunga ndani ya blanketi akakipakata kama mtoto mchanga, na mhudumu mmoja wa uwanja wa ndege alimuuliza ana miezi mingapi. Binti zetu wawili, mkubwa wa miaka tisa na mdogo wa sita, walicheka kutoka pale mpaka ndege ilipotua.

Goma ilitupokea kwa baridi ya asubuhi na vumbi jeusi. Binti mdogo aliinama akaokota jiwe, akauliza nani alichoma mji mzima. Tulikwenda moja kwa moja kwenye nyumba tuliyopanga, na hapo mwenye nyumba akatueleza, kwa upole sana, kwamba mpangaji aliyekuwemo mke wake amejifungua juzi, na yeye hawezi kumtoa mzazi nje na kitoto. Tungojee siku kumi. Mimi nilikuwa tayari kugomba, lakini kutoka ndani kitoto kikalia, mume wangu akasema, "Siku kumi si kitu," na binti mkubwa akaomba kukiona. Nikawa nimeshindwa kabla sijafungua kinywa.

Basi tukapanda kwa mama yangu. Kwa kweli hata bila mzazi yule tungepaswa kupanda, kwa sababu kwetu mtu aliyekaa mbali haanzi kuweka sufuria yake mjini kabla hajafika kilimani kuonekana. Tulichukua gari mpaka Sake. Pale Mubambiro, kabla ya kufika Sake, askari mmoja alichungulia ndani, akaliona blanketi mapajani mwa mume wangu, akataka kujua kuna nini. Alipofunuliwa cherehani alivua kofia akaonyesha mshono uliofumuka, wakajadili uzi wa kutumia huku abiria wote tukingoja. Kutoka Sake tulipanda pikipiki tatu, zikapanda matope mekundu, na katika kila kona nilimsikia mume wangu nyuma yangu akimtaja Mungu kwa Kilingala.

Mama alikuwa amesimama barabarani tangu saa ngapi sijui. Hakupiga vigelegele wala hakukimbia. Aliwatazama wajukuu wake wawili, akamtazama mkwe wake kwa chini kama inavyofaa, akasema, "Mumefika." Kisha akachukua mzigo mzito kuliko yote akatangulia mbele. Nilimfuata nikiona jinsi mgongo wake ulivyokuwa umeinama kuliko siku ya mazishi, na nilijisikia vibaya.

Usiku huo akaniambia jambo ambalo kwa simu alikuwa amelinyamazia. Shamba la baba lilikuwa limeachiwa kaka yangu. Kaka yangu naye alikwenda Walikale kuchimba madini huko Omate, akawa kila mara anatuma habari kwamba anakaribia kupata, na hajarudi. Shamba likalala. Kwetu shamba halilali bure wakati kuna watu wasio na mahali pa kulima. Baba yangu mdogo, mdogo wake marehemu baba, alikuwa na kijana aliyeoa na mwenye mtoto, na kijana huyo alilima kipande kidogo kama ua wa nyumba. Kila msimu wa kupanda ukifika, baba mdogo aliuliza habari za shamba lile, na kila mara mama alimjibu kwamba binti yake anarudi na ndiye atakayelima. Misimu ikapita. Watu wakaanza kutabasamu mama anaposema hivyo. Mwishowe baba mdogo, ambaye si mtu mbaya hata kidogo, akasema mbele ya ukoo kwamba atangoja mara moja tu tena.

"Alisema atakuya kuangalia siku ya Mungu, nyuma ya kanisa," mama akaniambia. "Kama shamba imepandwa, iko yako. Kama haiko na kintu, iko ya kijana yake. Na miye nitanyamaza."

Nikamwambia tutapanda. Siku ya Mungu, yaani Jumapili, nyuma ya kanisa, yaani baada ya ibada: zilibaki siku sita. Nilijua kilichokuwa hatarini si ardhi peke yake. Lilikuwa neno la mama yangu, alilolishikilia kwa miaka mitano mbele ya kilima kizima kwa sababu mimi nilimwambia "mwaka kesho".

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini wahenga hawakumfikiria mkwe. Mkwe kwetu hapewi jembe na mama mkwe wake. Haamrishwi, hakaripiwi, na akikosea kila mtu hutazama upande mwingine. Mume wangu alikaa siku mbili kwenye kiti bora cha nyumba, akiletewa maziwa, viazi na maji ya moto ya kuoga, huku sisi wanawake tukienda na kurudi kutoka shambani na udongo mpaka magotini. Siku ya tatu aliniambia anaanza kujisikia kama mgonjwa. Nilimwambia avumilie. Nilikuwa nimechoka, mikono yangu ya chaki ilikuwa imepasuka, na sikuwa na nafasi ya kusikiliza shida za mtu anayeletewa maziwa.

Alhamisi jioni wakaja wanawake wa kilima. Mtu anapoanza shamba kwetu, bibi harusi ama mtu aliyerudi kutoka mbali, hapandi mbegu za nyumba moja. Kila nyumba humletea konzi mbili tatu za mbegu zake yenyewe, zile ilizozichagua moja moja baada ya mavuno na kuzichanganya na jivu zisiliwe na wadudu. Zote humiminwa ndani ya kikapu kimoja: nyekundu, za manjano, zenye madoa, nyeusi ndogo. Ukipanda zile, umepandiwa na kilima chote. Walikuja wanawake kumi na wawili, kila mmoja na kifurushi cha jani la mgomba. Mume wangu aliwapokea mlangoni kwa furaha ya mtu aliyekosa mazungumzo kwa siku tatu, akawashika mikono wote, akawaambia "Aksanti sana, bamama," mpaka nikaona aibu kidogo na fahari kidogo.

Sikumweleza zile zilikuwa nini. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani kwangu lilikuwa jambo lisilohitaji maelezo, kama vile humwambii mtu kwamba mvua inalowesha.

Ijumaa mimi na mama tuliondoka alfajiri kwenda kumaliza kulima, maana Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya salongo, kazi ya pamoja ya kupanda, wanawake wote na majembe yao. Tulirudi alasiri. Nilipokaribia nyumbani nilisikia harufu ya vitunguu, nyanya na mawese, nikafurahi mpaka tumboni, kwa sababu hiyo ni harufu ya maharagwe ya mume wangu, yale ambayo Kinshasa huitwa madesu. Mume wangu anajua kupika vitu viwili tu, na hicho ndicho bora. Nilipiga hatua kama kumi zaidi. Kisha nikasimama, kwa sababu mama alikuwa ameshapanda yake yote, na nyumbani hapakuwa na maharagwe mengine ila yale ya kikapuni.

Alikuwa nyuma ya nyumba, amevua shati, mbele ya sufuria kubwa ambayo mama huitumia siku za kilio na harusi. Uso ulimng'aa. Akanieleza kila kitu bila kuulizwa. Aliona afadhali asaidie kidogo kuliko kukaa tu. Alikuta kikapu cha maharagwe yaliyokaa vibaya, yamejaa jivu, akaona wale mama maskini hawana hata maji ya kutosha, akayaosha maji manne mpaka yakatakata. Na kwa kuwa waliyaleta wao, aliwatuma binti zetu nyumba kwa nyumba kuwaalika wote waje wale.

Nikamtazama mama. Mama akatazama upande mwingine.

Sikupata muda wa kusema lolote, kwa sababu wageni walikuwa wanaingia uani. Walikuja wasafi, wengine wamejifunga vikwembe vya kanisani, maana kualikwa na mkwe si jambo la kila siku, na mkwe anayepika mwenyewe hawakuwahi kumwona. Wakaketi. Mume wangu akapakua, sahani zimefurika, bugali pembeni. Chakula cha mkwe hakikataliwi. Mwanamke wa kwanza kupokea sahani alikuwa kiongozi wa kwaya, rafiki wa mama tangu usichana, mtu mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Alichukua kijiko kimoja, akatafuna, akatazama ndani ya sahani. Akalitenga harage moja jeusi kwa ncha ya kijiko.

"Mukwe, hii maharagi iko muzuri," akasema polepole. "Uliipata wapi?"

"Njo ile mulileta jana, Mama," mume wangu akajibu.

"Yote?"

"Yote. Hakuna hata moja ilibakia."

Wanawake wakatazama sahani zao, kila mmoja, nadhani, akitafuta mbegu zake katika mchuzi. Kisha kiongozi wa kwaya akachukua kijiko cha pili, cha tatu, na wengine wakafuata, na hakuna aliyesema kitu kibaya. Walikula mbegu zao wenyewe mpaka mwisho. Yeye kiongozi wa kwaya aliomba kuongezewa. Walimshukuru mkwe mmoja mmoja, wakaondoka kwa heshima zote, na nilipowasindikiza niliona mabega yao yanatikisika njia nzima, sikujua kama ni kicheko ama ni kilio.

Mama akanivuta jikoni. Mkwe hakaripiwi, kwa hiyo yote yakanimwagikia mimi.

"Weye unakula na huyu muntu miaka yote, haukumwambia mbegu ni nini? Sasa siku ya Mungu nitamuambia shemeki nini? Nitamuambia tuliikula?"

Alisema kwa sauti ya chini, mkwe asisikie, na sauti ile ya chini iliniuma kuliko angenipigia kelele. Nilitoka pale nikaenda kummalizia hasira mume wangu. Nilimwambia yote kwa Kiswahili, hiki alichokizoea. Alisikiliza amekaa juu ya gogo, mwiko bado mkononi. Nilipofika kwenye miaka mitano ya mama, na baba mdogo, na Jumapili, niliona uso wake unabadilika.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

Nikamwambia haidhuru, maji yakimwagika hayazoleki, kila nyumba imeshatoa na kilichobaki ni cha mashamba yao. Akaweka mwiko chini.

"Nikienda kuwaomba?"

"Mkwe haombi."

"Mimi ni fundi nguo," akasema. "Mteja akileta kitambaa nikakikata vibaya, naenda mwenyewe kumwomba kingine. Nimeshaenda mara nyingi."

Jumamosi asubuhi na mapema, umande ukiwa mzito, aliondoka peke yake na kikapu kile kitupu, amevaa viatu vyake vya Kinshasa vyenye ncha. Nilimsikia nje akifanya mazoezi ya maneno: "Miye njo nilipika mbegu. Niko naomba ingine kidogo. Miye njo nilipika mbegu." Mama alikuwa mlangoni naye akasikia. Alibaki pale akimwangalia mpaka alipopotea kwenye migomba.

Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Tulikaa na majembe yetu kando ya shamba lililolimwa vizuri, tupu kabisa. Mama alichambua majani ambayo hayakuhitaji kuchambuliwa. Mara tukasikia wimbo. Walikuwa wanatelemka njiani, wale wanawake kumi na wawili na wengine ambao hawakuja Alhamisi, kiongozi wa kwaya mbele, na katikati yao mume wangu, matope mpaka kiunoni, kikapu kichwani. Habari ilikuwa imevuka kilima na kufika cha pili. Hakukuwa na mtu asiyejua kwamba mkwe wa Kinshasa ameosha mbegu maji manne. Walikwisha kumpa jina, Papa Maharagi, na binti zangu, waliokuwa wamekimbia kumpokea njiani, walikuwa wanalisema kwa nguvu kuliko wote.

Kila nyumba ilikuwa imempa, lakini kidogo, na si maharagwe peke yake. Wengine walikwisha kupanda yao yote, wakampa walichonacho. Mmoja alitoa mahindi, mwingine mbegu za maboga. Bibi mmoja asiyeweza kutembea vizuri alimwambia akate mwenyewe vijiti vya muhogo nyuma ya nyumba yake, akavikata, akavibeba begani. Basi tukapanda hivyo hivyo, maharagwe pale yalipotosha, kisha mahindi, kisha muhogo, kisha maboga. Mume wangu alisimama juu akaliangalia shamba, akasema kwamba ni kiraka juu ya kiraka, lakini kikishonwa vizuri nguo itavaliwa. Walimcheka, wakampa jembe. Si mama aliyempa, alikuwa kiongozi wa kwaya, na mama akajifanya hakuona.

Jua lilipofika magharibi mbegu zikaisha. Kona ya chini, karibu na kijito, ilibaki tupu, pana kama uwanja wa nyumba. Tulikung'uta kikapu. Hakikuwa na kitu.

Jumapili, kanisa lilipotoka, baba mdogo alikuja kama alivyosema, na suti yake ya kahawia, na kijana wake nyuma yake. Watu kadhaa walimfuata kwa udadisi, hilo sitawaficha. Alizunguka shamba polepole, mikono nyuma. Aliinama akachokoa udongo kwa kidole, akakuta harage, akalifunika. Akapita kwenye mahindi, akapita kwenye muhogo, akafika kwenye kona ya chini. Akasimama pale muda mrefu. Alikuwa amesema shamba, hakusema sehemu ya shamba.

"Shemeki," akamwambia mama, "na hii kona?"

Nilifungua kinywa. Mama akanitangulia.

"Hiyo iko ya kijana yako," akasema. "Tuliiacha."

Baba mdogo akageuka akamtazama. Mama alikuwa amesimama wima, uso mkavu kabisa.

"Muliiacha ao mbegu iliisha?"

"Yote mbili," mama akajibu.

Baba mdogo alijaribu kujizuia. Niliona midomo yake inacheza, kisha akaanza kucheka, na kicheko chake kikawaambukiza wengine mpaka wale waliokuwa juu barabarani wasiojua tunacheka nini. Alipanguza macho. Kijana wake alikuwa tayari ameshaingia kwenye kona anapima kwa hatua. Ndipo baba mdogo akasema kwa sauti, watu wote wasikie, "Basi. Mutoto alirudi. Shemeki alisema kweli." Akampa mume wangu mkono, akamwita Papa Maharagi, na habari ya shamba ikaishia hapo.

Mama hakucheka wala hakulia. Alikwenda kuwasha moto wa chakula. Nilidhani amechoka.

Alhamisi iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kuchukua ufunguo Goma. Pikipiki tatu zilikuja mapema. Mume wangu akapanda na blanketi lake la cherehani mapajani, binti zetu wakapanda ya pili wakiwa wameshikana, na mimi nilikuwa nimeshakaa kwenye ya tatu, mwenye pikipiki amewasha. Mama akasogea karibu. Alishika kikwembe changu pembeni, kama mtu anayeangalia kama kimefumuka.

"Nikuambie kintu," akasema. "Ile wakati nilikuwa naambia bantu ya kilima kama unarudi. Mwaka ya kwanza niliamini. Ya pili pia. Kisha ikaisha, sikuamini tena. Niliendelea kusema tu."

"Juu ya nini uliendelea, Mama?"

"Kama ningeacha kusema, ingekuwa sawa nimekuzika."

Alisema hivyo bila kunilaumu, kisha akanipigapiga goti akarudi nyuma pikipiki ipite. Nilisikia uchungu na aibu ambavyo sijui kuvieleza. Kila ile "mwaka kesho" niliyoisema kwa simu nikiwa nakoroga chai, yeye alikuwa ameibeba mbele za watu, bila kuiamini, kwa ajili yangu.

Nilimwambia mwenye pikipiki azime. Nikamwita mume wangu, nikamwambia atangulie na watoto, ufunguo achukue yeye, mimi nitashuka keshokutwa. Akanitazama, akamtazama mama, akasema "mm". Hiyo ilikuwa ya kweli, ya ndiyo. Wakaondoka.

Mama aliniuliza sasa nabaki kufanya nini, na Goma kuna nyumba ya kupanga. Nilimwambia nyumba itangoja. Alitikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na majembe mawili. Tulikwenda kupalilia mihogo yake mpaka jua likazama.